Chujio la Alama 92

Kisa hiki ni cha mfano, ila mwalimu aliyewahi kufundisha kwa miradi atakitambua, maana kila kipande chake hutokea madarasani muhula hadi muhula. Darasa la sayansi la sekondari lina wanafunzi 30. Mwalimu anawagawa katika vikundi 6 vya watu 5 na kuwapa wiki 4 watengeneze chujio la maji kwa chupa ya plastiki, changarawe, mchanga, mkaa na kitambaa. Maji ya tope ni yale yale kwa wote: udongo umepimwa na kukorogwa kwenye ndoo moja. Chujio linatakiwa kutoa nusu lita ya maji angavu ndani ya dakika 10. Siku ya mwisho kila kikundi kinasimama mbele na bango lake, kinaeleza kazi yake na kupewa alama.

Mwalimu hakukurupuka. Siku ya kwanza kabisa alibandika ukutani jedwali la vigezo: ubora wa chombo 40, bango na uwasilishaji 30, ushirikiano 20, kumaliza kwa wakati 10. Kikundi kimoja kikapata 92. Chujio lao lilisimama wima kwenye stendi ya mbao, matabaka yake yakionekana kama yamechorwa kwa rula, na maji yakatoka angavu kwa dakika 8. Kikundi kingine kikaambulia 61. Chupa yao ilikuwa imekatwa vibaya na kuzungushiwa gundi ya karatasi, maji yalichukua dakika 12, bango lilijaa maneno yaliyofutwa, na kazi yenyewe ililetwa siku moja baada ya wenzao.

Baada ya wiki mbili mwalimu akatoa maswali mawili, kila mwanafunzi ajibu peke yake kwenye karatasi. La kwanza: maji yaliyotoka angavu kwenye chujio lako, je, yanafaa kunywewa, na kwa nini? La pili: ukitakiwa kuharakisha maji, utabadilisha nini, na utapoteza nini kwa kubadilisha hivyo? Katika kikundi cha 92, mmoja kati ya watano alijibu yote mawili kwa sababu zinazoeleweka. Katika kikundi cha 61, wanne.

Jibu la haraka ni kusema kwamba maswali ya karatasi hayaendani na miradi, basi yaachwe. Silikubali. Maswali yale yaliuliza kitu ambacho mradi ulianzishwa ili kukifundisha. Penye kasoro ni pale alama 92 zilipotoka.

Alama zilikuwa za nini

Tuanze na bango. Kikundi cha 92 kiliandika kwa herufi kubwa: MAJI SAFI NA SALAMA YA KUNYWA. Bango lilipata 28 kwa 30. Kisayansi, kauli hiyo si kweli. Changarawe na mchanga huzuia chembe za udongo, na mkaa hushika juu ya uso wake baadhi ya kemikali zinazoleta rangi na harufu, lakini chujio la chupa lililojazwa leo asubuhi halitegemewi kuondoa bakteria na virusi. Machujio halisi ya mchanga yanayopitisha maji polepole hufanya kazi hiyo kwa msaada wa utando wa viumbe vidogo unaoota juu ya mchanga, nao huchukua siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kabla haujakomaa. Kuona maji angavu na kudhani ni salama ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mada hii, na jedwali la vigezo lililipa kosa hilo karibu alama zote kwa sababu herufi zilipendeza na msemaji hakubabaika.

Kuhusu chombo, ukisoma vigezo vinne vya mwalimu neno kwa neno hutaona mahali popote panapotaka mwanafunzi aeleze kwa nini. Kikundi cha 92 kililiona hilo mapema kuliko mwalimu. Walikwenda kwenye mchoro uliokuwa kitabuni, wakaunakili kwa ustadi, wakagawana: mmoja apange matabaka, mmoja achore bango, mmoja aseme, wawili wakate na kubandika. Aliyepanga matabaka ndiye aliyejibu maswali yote mawili. Wengine wanne hawakudanganya wala hawakuzembea, walifanya walichoombwa. Ningekuwa na miaka 15 nami ningefanya vivyo hivyo.

Samuel Messick, aliyeandika sana kuhusu uhalali wa vipimo, alitaja hatari mbili ambazo zote zimo humu. Kipimo kinaweza kuacha nje sehemu ya kile kinachodai kupima, na kinaweza kuingiza ndani jambo lisilohusika. Jedwali letu liliacha sababu nje, likaingiza mwandiko, kalamu za rangi na mbao za stendi. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata 92 inayosema ukweli kuhusu chupa na kukaa kimya kuhusu watu watano walioitengeneza.

Halafu kuna ushirikiano. Vikundi vyote viwili vilipata 17 kwa 20. Mwalimu alifikaje kwenye 17? Alipita kati ya meza, akaona watu wanazungumza, hakuna ugomvi. Kigezo kisicho na ushahidi wa kukisimamia huishia kwenye 17 kila mara, kwani 20 inaonekana kujipendekeza na 14 italeta malalamiko.

Wakati wa kufanya usafi mwalimu aliokota daftari dogo la kikundi cha 61. Hakuna aliyewaagiza kuliweka. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: "Jaribio la 1. Maji yametoka meusi kuliko yalivyoingia. Mkaa haukuoshwa." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Jaribio la 2. Tumeosha mkaa mara tatu. Meusi kidogo. Mchanga nao haukuoshwa!!" Kisha majaribio mengine matatu, kila moja na dakika zake, na mshale unaoonyesha kitambaa kimehamishwa kutoka chini ya mkaa kwenda juu yake. Daftari hilo halikupata alama hata moja. Kwenye jedwali halikuwa na mahali pa kukaa.

Kutegea

Katika kikundi cha 92 kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye wenzake walimlalamikia baadaye kwamba alikata chupa moja, basi. Naye ana 92.

Suala hili lina historia ndefu nje ya shule. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba: kadiri wavutaji walivyoongezeka, wastani wa nguvu ya kila mmoja ulipungua. Sehemu ya upungufu huo ni kukosa kuvuta kwa pamoja, ila si yote. Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliwapa watu kazi ya kupiga kelele na makofi, wakakuta mtu anayeamini yuko na wenzake hupunguza bidii hata pale ambapo kwa kweli yuko peke yake. La maana zaidi kwa mwalimu lilikuja miaka miwili baadaye, watatu hao walipoonyesha kwamba kutegea hutoweka mtu akijua sauti yake inaweza kutambuliwa ndani ya ile ya kundi.

Hawakutoa adhabu wala hotuba juu ya uwajibikaji. Walichobadilisha ni kwamba mchango wa kila mmoja unaonekana. Alama moja kwa watu watano hufanya kinyume chake: humficha anayetegea na humficha aliyekesha.

Dawa inayopendekezwa sana ni wanafunzi kupimana wenyewe. Kila mmoja anawapa wenzake pointi, tuseme 1 hadi 5, kisha wastani wa mwanafunzi unagawanywa kwa wastani wa kikundi kizima. Kikundi chenye wastani wa 4.0 na mwanafunzi mwenye 3.2 kinatoa kizidisho cha 0.8, kwa hiyo alama ya kikundi ikiwa 80, yeye anabaki na 64. Hesabu ni safi. Mashaka yangu yako kwenye zile pointi zinazoingizwa. Marafiki hupeana 5. Mkimya aliyeosha mchanga siku mbili mfululizo hupewa 3, maana hakusikika. Mwenye sauti hupewa 5 kwa sababu hiyo hiyo. Ukifuata hesabu hiyo bila kuangalia nyuma, unaondoa dhuluma moja na kuleta nyingine yenye desimali.

Pointi za wenzao zina kazi nzuri kama ishara. Mwanafunzi akipewa 2 na wenzake wote wanne, mwalimu anajua aanze kuzungumza na nani, tena katikati ya mradi, kungali na wiki mbili za kurekebisha. Zikifichuliwa siku ya mwisho zinabaki kuwa hukumu.

Mradi ule ule, darasa lililofuata

Mwaka uliofuata mwalimu alirudia mradi wa chujio, akabadilisha mahali alama zinapotoka. Chombo kilibaki na 25. Sababu za mwanafunzi mmoja mmoja, zinazotokana na daftari lake na mazungumzo mafupi na mwalimu, zilipewa 60. Zilizobaki 15 zilikwenda kwenye maelezo ya kikundi siku ya mwisho, kwa sharti moja: mwalimu ndiye anayechagua nani aeleze sehemu gani, na anachagua pale pale. Sharti hilo peke yake lilifanya kazi kubwa. Kikundi kisichojua nani atasimamishwa hulazimika kufundishana.

Kigezo cha zamani kilisomeka: "Chujio linafanya kazi vizuri sana." Kipya kilisomeka hivi: "Anataja badiliko lililofanywa, kipimo kilichosababisha badiliko hilo, na kilichopotea kwa kulifanya." Kigezo cha pili ni kigumu kukiandika, lakini ni rahisi kukisahihisha: ama yapo mambo matatu, ama mawili, ama moja. Walimu wawili wakisoma daftari moja watapishana kidogo tu. Kwenye "vizuri sana" wangepishana kwa alama 10, na kila mmoja angekuwa na hoja.

Haya ni mazungumzo ya aina iliyofanyika mezani, wiki ya tatu:

— Umeandika mliongeza mchanga. Kwa nini?

— Maji yalikuwa bado na tope, mwalimu.

— Mliongeza kiasi gani?

— Ulikuwa sentimita 6, tukafanya 10.

— Ikawaje?

— Yakatoka angavu, lakini dakika 17. Tunatakiwa 10.

— Kisha?

— Mwenzangu alitaka turudi kwenye 6. Mimi nikasema tutafute chupa pana zaidi, mchanga ubaki 10 vile vile, ila maji yapate eneo kubwa la kupitia.

— Na kama chupa pana haipatikani?

Hapo akanyamaza kidogo.

— Tungechekecha mchanga tuondoe ule laini. Lakini tope lingepita zaidi, nadhani.

Mazungumzo ya dakika 4 hivi. Ndani yake kuna kipimo, uamuzi, ubishi na mwenzake, na jibu la hali ambayo hakuwahi kuijaribu. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mtu aliyekariri mchoro hawezi kulijibu. Bango halilionyeshi, na daftari hulionyesha kwa shida.

Watu huuliza muda unatoka wapi. Wanafunzi 30 mara dakika 4 ni dakika 120, yaani vipindi vitatu vya dakika 40. Ni vingi ukivitenga mwishoni kama mtihani, lakini hapa mwalimu alizungumza na wanafunzi watano au sita kila kipindi huku wengine wakiendelea kukata, kuosha na kupima. Huo ndio muda ambao mwaka uliotangulia aliutumia kutembea kati ya meza akiangalia "ushirikiano".

Jambo jingine alilobadilisha lilizua manung'uniko: katika wiki mbili za mwanzo hakutoa alama yoyote, alitoa maelezo tu. Wanafunzi walimfuata, "Mwalimu, lakini ni ngapi?" Alikuwa na sababu yake. Ruth Butler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, aliwalinganisha wanafunzi waliopewa maelezo peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maelezo peke yake ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maelezo waliyoandikiwa. Nimeona ukweli wa jambo hilo kwa macho: karatasi ikirudi, jicho huenda kwenye tarakimu, kisha kwenye tarakimu ya jirani, kisha karatasi inakunjwa.

Lakini maelezo peke yake hayatoshi, na hapa wengi hukwama. Royce Sadler aliandika mwaka 1989 kwamba ili mwanafunzi aboreshe kazi yake inabidi awe anakijua kiwango kinachotakiwa, aweze kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, na achukue hatua ya kuziba pengo. Kumwandikia "fafanua zaidi" kunachukulia kwamba anajua maelezo yaliyofafanuliwa yanafananaje. Hajui. Kwa hiyo mwalimu alileta kurasa mbili za daftari bila majina, moja nzuri na moja dhaifu, akawapa wanafunzi jedwali la vigezo na kuwataka wazisahihishe. Walibishana kipindi kizima juu ya ukurasa dhaifu. Mmoja aliutetea kwa sababu ulikuwa msafi.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza kutoka kwa wazazi, na hata kwa walimu wenzake, lilikuwa hili: chujio lisilochuja linapataje 75? Ni pingamizi zuri kuliko linavyopokelewa. Jibu langu hutegemea lengo la somo. Kwenye mafunzo ya ufundi, ambako mtu ataondoka na kwenda kutengeneza mlango utakaofungwa na watu wengine, chombo kibovu ni kazi mbovu, na alama 25 kwa chombo ni chache mno. Kwenye sayansi ya sekondari hakuna anayetarajia kunywa maji ya chupa ile. Kinachotarajiwa kubaki ni uwezo wa kusoma kipimo na kubadilisha mpango kwa sababu ya kipimo hicho. Hata hivyo 25 si sifuri. Mwalimu akiondoa kabisa alama za chombo, wanafunzi huanza kubuni kushindwa ili wapate cha kuandika daftarini, na hilo nimelisikia likitokea.

La pili ni la uandishi. Daftari humpendelea anayeandika vizuri. Mwanafunzi mwenye mikono hodari na kalamu nzito anaweza kupoteza tena kile kile alichokipoteza kwenye bango. Ndiyo maana mazungumzo hayakuwa kiambatisho cha daftari. Mwanafunzi akieleza kwa mdomo badiliko ambalo hakuliandika, mwalimu alilipa alama sawa na lililoandikwa.

La tatu ni udanganyifu. Daftari linaweza kuandikwa lote usiku mmoja kabla ya kukusanywa, na siku hizi programu za akili mnemba zinaandika "tafakuri ya mwanafunzi" tamu kuliko ya mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu alipambana na la kwanza kwa kuweka sahihi yake na tarehe chini ya mstari wa mwisho kila kipindi kilipokwisha, jambo la dakika 2 kwa darasa zima. La pili hakupambana nalo kabisa. Aliyeandikiwa na programu bado anapaswa kukaa mezani na kuulizwa, "na kama chupa pana haipatikani?"

Kilichobaki bila ufumbuzi ni uchovu. Mazungumzo ya ishirini hayasikilizwi kama ya kwanza, na mwanafunzi aliyeitwa Ijumaa kipindi cha mwisho hapati mwalimu yule yule aliyepatikana Jumatatu asubuhi. Mwalimu wetu aliandika nukta tatu za kila mazungumzo papo hapo na kuweka alama siku nyingine, akiwa na nukta zote mbele yake. Inapunguza tofauti, haiiondoi.

Na zile 92 za darasa la kwanza? Palitokea shinikizo la kuzishusha, hasa kutoka kwa kikundi cha 61 walioyaona majibu ya maswali mawili. Mwalimu alikataa, na nadhani alifanya sawa. Jedwali lilibandikwa siku ya kwanza, kikundi kililitimiza, na kubadilisha vigezo baada ya kazi kukusanywa kungewafundisha wanafunzi kwamba vigezo ni mapambo. Alichofanya ni kuyapa majibu ya maswali mawili nafasi yake kwenye rekodi ya muhula, kama alama ya mtu binafsi, kando ya ile ya kikundi. Kwenye safu moja kuna 92 mara tano. Kwenye safu ya pili, mwanafunzi mmoja kati ya hao watano ana 18 kwa 20, na wanne wako chini ya 8.